Ujira wa Madalali wa New York

Tarehe 17 Mei 1792, madalali 24 wa mji wa New York walitia saini mapatano ya kuwa hapana miongoni mwao atakayenunua wala kuuza hisa kwa ujira ulio chini ya robo ya asilimia moja. Na juu ya msingi huo likasimama soko ambalo ada zake zilidumu kuwa za lazima hadi mwaka 1975.

Maadamu ada haikuweza kupunguzwa, madalali walishindana kwa huduma: walichunguza hesabu za makampuni, wakatoa nasaha, wakahifadhi hati za wateja. Manufaa hayo hayakuwa haba. Lakini mnunuzi asiyehitaji shauri la mtu alilipishwa sawa na yule aliyeongozwa hatua kwa hatua, na hilo, kwa mizani ya insafu, lilikuwa dhuluma.

Serikali ya Marekani ilipoziondoa ada hizo tarehe 1 Mei 1975, wenye fedha nyingi walipunguziwa upesi, ilhali baadhi ya wanyonge walipandishiwa. Ndipo wakastawi madalali wa bei nafuu, kama Charles Schwab, waliotekeleza amri ya mteja pasipo nasaha; na mwaka 2019 kampuni ya Schwab iliifuta ada ya hisa za Marekani zinazonunuliwa mtandaoni. Hata hivyo dalali hafanyi kazi bure, kwani hupata faida katika fedha za wateja zilizowekwa kwake. Kwa hiyo yampasa mwenye mali aipime gharama yote, iliyo dhahiri na iliyositirika, kwa huduma anayoitumia hakika.