Nyumba ya Hewa Nzito

Mwaka 1664 daktari Mwingereza, Nathaniel Henshaw, alichapisha kitabu chenye pendekezo ambalo hadi leo linanichekesha na kunitisha kwa pamoja. Kijengwe chumba kisichovuja hewa. Kiungwe na mivukuto mikubwa, kama ile ya mhunzi. Mgonjwa aingie, mlango ufungwe, kisha hewa ishindiliwe humo ndani mpaka iwe nzito, au ivutwe nje mpaka iwe nyepesi, kutegemea anaumwa nini. Hata mwenye afya angeweza kuingia, maana hewa ya humo ingemsaidia kusaga chakula tumboni na kupumua vizuri. Chumba hicho alikiita domicilium. Ni neno la Kilatini, na maana yake ni makazi.

Wakati huo hakuna aliyejua kwamba kuna kitu kinachoitwa oksijeni. Priestley na Scheele wangeitenga gesi hiyo zaidi ya miaka mia moja baadaye. Katika historia hii nyumba ilitangulia, gesi ikafuata, na sababu za kitabibu zikaja nyuma zikihema. Nasoma shahada ya uzamili katika historia ya tiba, na kwenye fani yetu tumezoea kuona dawa ikitangulia maelezo yake. Kwinini iliwatibu watu malaria kabla ya yeyote kukiona kimelea. Lakini kwinini ilitibu. Hewa ya Henshaw ilikuwa inatafuta ugonjwa.

Ufaransa, katika miaka ya 1830, akina Junod, Tabarié na Pravaz walivijenga kweli vyumba vya namna hiyo, na wagonjwa wa kifua waliokuwa na uwezo wakaenda kuketi humo kama watu wanavyokwenda kwenye chemchemi za maji moto. Waliita bafu la hewa. Ilikuwa hewa hii hii tunayovuta, imeshindiliwa tu. Biashara ikaenea miji mingi ya Ulaya.

Msomaji huenda anashangaa kwa nini kijana wa Dar es Salaam anahangaika na mabafu ya Wafaransa. Ni kwa sababu ya shangazi yangu.

Shangazi anaishi Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, pamoja na binti yake na mjukuu wa miaka sita mwenye mtindio wa ubongo. Uchungu wa kumzaa ulikuwa mrefu, na mtoto alitoka kimya. Mwaka jana shangazi alinipigia usiku wa manane kwa saa zetu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba ya haraka haraka, kisha akanieleza kuhusu begi kubwa la plastiki nene, lenye zipu na kidirisha, linalojazwa upepo kwa mashine. Mtu analala ndani saa nzima, nyumbani kwake, sebuleni au chumbani. Anayeliuza alimwambia kwamba presha ya humo inaingiza oksijeni hadi kwenye ubongo. Bei yake ilikuwa maelfu ya dola, na alikuwa anafikiria kukopa.

“Mwanangu, wewe si ndiye unayesoma mambo ya matibabu ya zamani?”

“Nasoma historia yake, shangazi. Mimi si daktari.”

“Madaktari nimeshawasikia. Wewe niambie hiki tu. Kilichomuumiza mtoto ni kukosa oksijeni, sivyo? Sasa kwa nini oksijeni isimponye?”

Nilikaa kimya kwa sababu lilikuwa swali zuri. Ni karibu swali lile lile ambalo watu wenye shahada, fedha na chuma cha kutosha wameliuliza kwa karne mbili.

Jibu zuri la kwanza lilitoka kwa vibarua. Katikati ya karne ya 19 wahandisi walianza kuchimba misingi ya madaraja chini ya mito kwa kutumia kesoni, yaani sanduku kubwa lisilo na sakafu, linalozamishwa na kujazwa hewa yenye presha ili maji yasiingie. Watu walifanya kazi humo kwa zamu. Wakiwa chini walikuwa wazima. Wakipanda juu, baadhi yao walianza kujikunja kwa maumivu ya viungo, wengine walipooza, wengine walikufa. Katika ujenzi wa Daraja la Brooklyn, New York, mhandisi mkuu mwenyewe, Washington Roebling, alipatwa mwaka 1872 na hakupona sawasawa. Alisimamia kazi kutoka nyumbani akilitazama daraja dirishani, huku mkewe, Emily, akipeleka maagizo na kurudi na habari, mpaka mhandisi alipokuwa ni yeye kwa kila hali isipokuwa jina.

Mwaka 1878 Mfaransa Paul Bert alieleza kinachotokea. Chini ya presha, naitrojeni ya kwenye hewa huyeyuka ndani ya damu na mwili. Presha ikiondolewa ghafla, hutoka kwa mapovu, kama soda inapofunguliwa. Vibarua walikuwa wameshagundua kwamba maumivu hupungua ukirudi chini. Mhandisi Ernest Moir, aliyesimamia handaki chini ya mto Hudson, aliifanya akili hiyo ya vibarua kuwa tiba: karibu na mwaka 1890 aliweka tangi la chuma pale kazini, aliyeugua akaingizwa, presha ikapandishwa, kisha ikashushwa taratibu. Kabla ya hapo takriban robo ya wafanyakazi walikuwa wakifa kwa mwaka. Baada yake vifo vikawa vya kuhesabika kwa vidole.

Hapa ndipo presha ilipopata ugonjwa wake halali. Mapovu yako kwenye damu, presha inayabana, yanayeyuka. Bert huyo huyo alionyesha pia kwamba oksijeni ikizidi chini ya presha huleta degedege. Gesi inayotuweka hai ni sumu ikiwa nyingi, na kila hospitali yenye chumba cha namna hii hupima dakika zake kwa kuihofia.

Kisha tunafika Ohio, na hapa naomba nikae kidogo.

Orval Cunningham alikuwa daktari wa Kansas City. Wakati wa homa ya mafua ya 1918 aliona kwamba wagonjwa wa nyanda za juu walikuwa wakifa zaidi kuliko wa bondeni, akahitimisha kwamba tofauti ni presha ya hewa. Alimwingiza mgonjwa mahututi kwenye tangi na mgonjwa akapata nafuu. Angeishia hapo tungemkumbuka vizuri. Lakini mwaka 1921 alijenga tangi lenye urefu wa mita 27 hivi, lenye vitanda kama behewa la treni, akaanza kutibu humo kisukari, kaswende na saratani. Tajiri mmoja wa viwanda, H. H. Timken, alivutiwa. Akatoa takriban dola milioni moja, na mwaka 1928 likasimama mjini Cleveland tufe la chuma lenye ghorofa tano, vyumba kama vya hoteli na madirisha ya mviringo kama ya meli. Wagonjwa waliishi humo ndani. Domicilium ya Henshaw ilikuwa imejengwa, kwa tani mia kadhaa za chuma.

Chama cha Madaktari cha Marekani kilimtaka Cunningham atoe ushahidi, naye akashindwa kuutoa. Mwaka huo huo wa 1928 jarida la chama likamkosoa waziwazi. Katika miaka ya 1930 hospitali ilifungwa, na mwaka 1942 tufe likakatwa, chuma chake kikaenda vitani. Sidhani Cunningham alikuwa tapeli. Aliona mgonjwa mmoja akiinuka, na hakuweza tena kulifuta jambo hilo machoni pake. Wala hakuwa akitumia oksijeni; ilikuwa hewa tu.

Oksijeni yenyewe, ile safi, chini ya presha mara mbili hadi tatu ya kawaida, ilipata heshima Amsterdam. Mwaka 1960 daktari wa upasuaji Ite Boerema alichapisha majaribio ya nguruwe waliotolewa karibu damu yao yote nyekundu, wakabaki hai kwa sababu oksijeni iliyoyeyuka kwenye majimaji yaliyobaki iliwatosha. Wenzake wakaokoa watu wenye vidonda vilivyooza kwa bakteria wasiopenda oksijeni. Leo hospitali hutumia tiba hii kwa wapiga mbizi, kwa waliovuta sumu ya moshi wa jenereta au mkaa, kwa vidonda sugu vya miguu ya wagonjwa wa kisukari, na kwa miili iliyounguzwa na mionzi. Orodha si ndefu, na karibu kila kilichomo kina maelezo ya namna ile ya Moir: hiki kimekosekana hapa, tunakipeleka hapa.

Lakini Agosti 1963 mtoto wa Rais Kennedy, Patrick, alizaliwa njiti, mapafu yake yakiwa hayajakomaa. Aliwekwa kwenye chumba cha presha mjini Boston, pamoja na madaktari. Akafa akiwa na umri wa saa 39. Oksijeni ilikuwa tele. Shida ilikuwa kwenye mapafu ya kuipokea.

Nilimsimulia shangazi hayo yote kwa vipande, kwa ujumbe wa sauti, kwa majuma kadhaa. Alipenda zaidi habari za Emily Roebling. Kuhusu mjukuu wake nilimtafutia utafiti mmoja wa Kanada, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2001. Watoto 111 wenye mtindio wa ubongo waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa oksijeni safi chini ya presha mara 1.75 ya kawaida. La pili lilipewa hewa ya kawaida kwa presha mara 1.3, ili masikio yazibe kidogo na asiwepo wa kujua yuko kundi gani. Kila mtoto aliingia mara 40. Mwishoni watoto wa makundi yote mawili walikuwa wamepiga hatua, na hatua zilikuwa sawa.

Ugomvi uliozuka bado haujaisha. Wanaoipenda tiba walisema: mnaona, hata 1.3 inafanya kazi! Na 1.3 ndiyo presha ya mabegi ya nyumbani. Mimi siamini, na hesabu yake si ngumu. Hewa ina oksijeni asilimia 21. Ukiizidisha presha mara 1.3, oksijeni unayopata ni sawa na ya mtu aliyeketi kwenye kiti chake akivuta hewa yenye asilimia 27. Kiasi hicho hutolewa na mirija ya puani iliyopo katika wodi yoyote. Hakuna anayedai kwamba mirija ya puani huponya mtindio wa ubongo. Kama watoto walisogea mbele, mimi natazama mambo mengine yaliyokuwapo: mara 40 za kutolewa nyumbani, kuongeleshwa, kupimwa, kusubiriwa na wazazi waliokuwa na matumaini. Nayo ni tiba ya aina fulani, na inaniudhi kwamba watu wengi huisoma jedwali ile wakitafuta gesi tu.

Swali la shangazi nililijibu hivi: oksijeni ilikosekana siku ile, kwa dakika zile, na seli zilizokufa zimekufa. Leo haikosekani, damu ya mtoto imeibeba karibu yote inayoweza kuibeba. Alinyamaza siku mbili. Kisha akaandika: “Na hiyo mirija ya puani inauzwa bei gani?”

Nilicheka, halafu sikucheka tena. Bibi aliyelea mtoto miaka sita hatakuwa na sababu ya kuacha kuuliza bei.

Kilichonitia hofu zaidi ni moto. Mwaka 1997, mjini Milan, watu 11 waliteketea ndani ya chumba cha presha cha hospitali. Januari 2025, katika jimbo la Michigan, mtoto wa miaka mitano alikufa kwa moto akiwa ndani ya tangi la oksijeni kwenye kituo cha tiba. Palepale palikuwa na wahudumu. Nyumbani kuna blanketi la nailoni, simu inayochajiwa, mafuta ya nywele, na watu wanaoliunganisha begi na mashine ya oksijeni ingawa begi lilikusudiwa hewa.

Lilikusudiwa hewa na mlima. Begi hili ni la ukoo wa lile alilobuni Igor Gamow wa Chuo Kikuu cha Colorado katika miaka ya 1980, na idhini ya mamlaka ya dawa ya Marekani kwa mabegi laini ilikuwa ya ugonjwa wa mwinuko. Kampuni kadhaa zinazopandisha wageni Kilimanjaro hulibeba, hivyo kuna Watanzania wanaolijua kwa mikono yao. Mgeni akianza kuyumba na kuweweseka pale Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu, anafungiwa ndani, na mtu anaanza kukanyaga pampu kwa mguu. Hawezi kuacha, kwa sababu pampu ndiyo inayomletea aliye ndani hewa mpya. Anakanyaga saa nzima au zaidi, kwenye baridi, akichungulia kwenye kidirisha. Kwa mwili ulio ndani ni kama umeshushwa mita 1,500 au zaidi bila kutembea. Kisha zipu inafunguliwa, na mgeni akishaweza kusimama anavalishwa viatu, anashikwa mkono, wanaanza kuteremka.