Deni la Msalabani na Deni la Jirani: Ushuhuda wa Walokole katika Nyanda za Buha

Mwanafunzi wa fasihi simulizi akiambiwa ataje tanzu, atataja ngano, methali, vitendawili, majigambo, na kama siku hiyo alikuwepo darasani, rara. Ushuhuda hatautaja. Ukimwuliza kwa nini, atakwambia eti hayo ni mambo ya kanisani. Lakini huko Kakonko, na Kibondo, na Kasulu, wapo wazee ambao utungo mrefu kuliko wote waliopata kuutamka hadharani ni ushuhuda wa siku walipookoka. Wameurudia miaka na miaka. Una fomula ya kufungulia, una kilele, una wimbo wa kuitikiwa. Kama huo si utanzu, basi tuelezwe utanzu ni nini.

Katika makala haya tutautazama ushuhuda huo kihistoria. Hatukusudii kumwongoa mtu, wala kumkejeli aliyeongoka. Swali letu ni moja tu: kama Ukristo unafundisha kwamba deni la dhambi lilikwisha kulipwa msalabani, kwa nini Mlokole alipookoka alianza kulipa madeni?

Tuanze na maneno. Kiswahili kilipopewa kazi ya kueleza wokovu, kilichukua maneno yaliyokuwa kazini tayari, sokoni na barazani. Kukomboa ni kulipa ili urudishiwe kilichowekwa rehani, au mtu aliyetekwa. Fidia ni malipo ya kumwachilisha mtu au ya kufuta madhara. Kupatana ni kuafikiana, na hata bei hupatanwa. Ongeza kiambishi cha kusababisha upate kupatanisha, na kutoka hapo upatanisho. Kule Ujiji, chini ya nyanda hizi, neno kukomboa halikuwa sitiari hata kidogo. Mapadre Weupe walifika huko mwaka 1879, wakanunua watoto kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa na kuwalea katika misheni zao za ziwani. Mtoto wa namna hiyo akihubiriwa kwamba amekombolewa kwa damu, alikwisha kujua kukombolewa ni nini: kuna aliyelipa, kuna aliyepokea, na wewe katikati unabadilishwa mwenyewe. Wanateolojia wa kale walisumbuka sana na swali la nani aliyepokea fidia hiyo. Orijeni wa Aleksandria aliona ni Shetani. Gregori wa Nazianzo akaona jibu hilo ni aibu tupu. Kwa mtoto wa Ujiji lingekuwa swali la kawaida kabisa, tena la kwanza kuulizwa.

Nyanda za juu zilikuwa na hesabu nyingine. Falme za Buha, yaani Buyungu ya Kakonko, Muhambwe ya Kibondo, Heru ya Kasulu na nyinginezo (Buyungu na Muhambwe yalikuja kuwa majina ya majimbo ya uchaguzi), ziliendeshwa kwa mwami na kwa ng'ombe. Katika ubugabire mtu alipewa ng'ombe na bwana, naye akabaki akidaiwa utumishi na heshima. Sasa tazama: Askofu Mkuu Anselm wa Canterbury, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1098 juu ya sababu ya Mungu kuwa mtu, aliieleza dhambi kwa mantiki kama hiyo. Binadamu amemnyima Mungu heshima anayostahili. Deni limezidi uwezo wa mdaiwa. Kwa hiyo alipe yule aliye mtu na Mungu kwa pamoja. Wasomi wengi wa Ulaya wa karne ya 20 walimwona Anselm mtu wa ukabaila aliyepitwa na wakati. Mimi nadhani mzee wa Buyungu angemwelewa kabla hajamaliza sentensi.

Ndipo ukaja uamsho. Mwaka 1929 daktari Joe Church, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi kilimani Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Kufika 1936 Gahini palikuwa panawaka. Mwaka 1939 kikosi kikafika Katoke, upande wa Bukoba, na uamsho ukawa umeingia Tanganyika. Waanglikana wa Buha wakati huo walikuwa chini ya Dayosisi ya Central Tanganyika, iliyoundwa 1927 na kuhudumiwa na wamisionari kutoka Australia. Hawakuwa mbali na moto huo. Kiha kinasikilizana na Kirundi, na Kirundi na Kinyarwanda, hivyo habari za aina hii hazikuhitaji mkalimani. Ilipoundwa Dayosisi ya Western Tanganyika mwaka 1966, makao yake yakawa Kasulu na Musa Kahurananga akawa askofu wake wa kwanza.

Ushuhuda wenyewe hufunguliwa kwa salamu, Bwana asifiwe, na kusanyiko likaitikia. Msimulizi hutaja mwaka wake wa kuokoka, wengine hutaja hata tarehe, kama mtu anayetaja siku ya kuzaliwa. Hueleza alivyokuwa: pombe, wizi, uzinzi, uchawi, chuki kwa mwenzake wa kanisani. Kisha damu, msalaba, machozi. Wahakiki wengi huishia hapo, wakaandika kuhusu jazba. Wanaipita mbio sehemu inayofuata, nayo kwangu ndiyo kiini: vitu vilivyorudishwa. Walokole wa Afrika Mashariki walijulikana kwa hili. Mtu alirudisha alichomwibia mwajiri, akalipa kodi aliyoikwepa, akaenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Mfano wao alikuwa Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili ya Luka aliyeahidi kurudisha mara nne.

Hapa kuna kichekesho kidogo cha kihistoria. Jirani yao Mkatoliki, tuseme wa misheni ya Kabanga, alikwenda kwenye kitubio, akaungama kwa padre faraghani, akapewa malipizi. Mprotestanti alifundishwa kwamba malipizi hayana kazi, maana Kristo alimaliza yote. Walokole wakaikataa sakramenti, lakini malipizi wakayarudisha kwa mlango wa nyuma, tena hadharani, mbele ya mke, jirani na bosi! Wenyewe wangekana katakata. Wangesema hawalipi ili waokoke, wanalipa kwa kuwa wameokoka. Tofauti hiyo ni ya kweli kiteolojia. Lakini kwa mwenye baiskeli yake iliyoibwa, baiskeli imerudi.

Basi, hoja yangu ni kwamba ushuhuda ulishika jambo ambalo mahubiri mengi yaliliacha. Katika upatanisho mna kiambishi -an-, na kiambishi hicho kinadai pande mbili. Mhubiri alihesabu mbili tu, mtu na Mungu. Ushuhuda ulimwingiza wa tatu, aliyekosewa.

Hata hivyo utanzu huu una udhaifu mkubwa, na itakuwa si haki kuunyamazia. Dhambi zake zina ukubwa maalumu. Sufuria hurudishwa, tusi huombewa radhi. Uamsho ulizaliwa Rwanda, na mwaka 1994 Rwanda ikaona mauaji ya kimbari, huku baadhi ya viongozi wa makanisa, yakiwemo yaliyolelewa na uamsho huo, wakituhumiwa. Wakosoaji wamesema, na mimi nakubaliana nao, kwamba watu walizoea kuungama ya chumbani na ya jikoni, wakakosa fomula ya kuungama chuki ya kundi zima.

Kakonko haikulisoma jambo hilo gazetini. Wakimbizi wa Burundi walikuja mkoani Kigoma baada ya mauaji ya 1972, wakaja tena kwa wingi baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. Kambi za Kanembwa na Mtendeli zilikuwa huko huko. Mtendeli ilifunguliwa tena mwaka 2016, baada ya machafuko ya Burundi ya 2015, ikafungwa 2021, na waliobaki wakahamishiwa Nduta, Kibondo. Kambini makanisa yalisimama haraka, na ushuhuda ukasimama nayo, kwa salamu ile ile na mpangilio ule ule. Mpaka msimulizi afike mahali pa kutaja alichorudisha. Mara nne ya uhai wa mtu ni nini? Na huyo wa kurudishiwa yuko wapi: kaburini, ng'ambo ya mpaka, au kwenye benchi la nyuma akimsikiliza?