Reli Iliyogeuka Njia ya Baiskeli: Nani Aliyeusafisha Ufuko wa Monterey?

Ziara za baiskeli za umeme mjini Monterey, katika jimbo la California, hufuata njia isiyomchosha mtu. Mwongozaji hutangulia, wageni humfuata mmoja nyuma ya mwenzake, na Bahari ya Pasifiki huwa mkono wao wa kulia mpaka Lovers Point, mjini Pacific Grove. Sili wamejilaza mchangani. Fisimaji wa baharini wanaelea chali katikati ya mwani mrefu, wakipasua kome kwa mawe waliyoyaweka vifuani. Njia yenyewe ni tambarare kiasi kwamba mota ya baiskeli haina kazi kubwa, na utambarare huo una sababu: imepita juu ya tuta la reli ya zamani ya kampuni ya Southern Pacific, na treni haipandi mwinuko mkali. Kutoka Castroville hadi Pacific Grove ni maili 18, kama kilomita 29. Wageni wengi huondoka wakiamini kwamba wameona pwani ilivyoumbwa, ambayo watu wenye busara waliiacha bila kuigusa. Historia inasema vingine. Uzuri wa ufuko huu ulitengenezwa, na katika kuutengeneza waliondolewa watu waliokuwa wakiishi kwa jasho la bahari. Kilichouokoa ufuko kwelikweli hakikuwa biashara ya mandhari. Ni msimamo wa watu wachache waliosema kwamba ufuko ni mali ya umma, wakautetea kwa sheria.

Tuanze na reli, maana ndiyo iliyoleta wazo la kuuza mandhari. Wenyeji wa kwanza, watu wa Rumsien, walikula kutoka bahari hii kwa maelfu ya miaka, na malundo ya makombe waliyoyaacha ni ushahidi tosha. Baadaye Monterey ikawa makao makuu ya California chini ya Uhispania na kisha Mexico, hadi Wamarekani walipopandisha bendera yao hapo mwaka 1846. Dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1848, fedha na watu vikahamia San Francisco, na Monterey ikabaki mji wa wavuvi na wafugaji. Matajiri wa reli ndio walioiona kwa jicho jipya. Kampuni yao ya ardhi, Pacific Improvement Company, ilifungua hoteli ya kifahari ya Del Monte mwaka 1880, ikanunua maelfu ya ekari za rasi yote, na mwaka 1881 ikachonga barabara ya kuwatembeza wageni kwa magari ya farasi, ile inayojulikana hadi leo kama 17-Mile Drive. Mwaka 1889 reli ikarefushwa hadi Pacific Grove, mji uliokuwa umeanzishwa mwaka 1875 kama kambi ya ibada ya Wamethodisti. Ikumbukwe vizuri kilichotokea hapo: kundi lilelile la matajiri lilimiliki treni, hoteli, barabara na ardhi ya ufukweni. Mgeni alinunua tiketi ili aone bahari, kwa hiyo kila kilichokuwa kati ya macho yake na bahari kikawa jambo la hesabu za kampuni.

Kati ya macho na bahari kulikuwa na kijiji. Wavuvi Wachina walifika pwani hii miaka ya 1850, na kijiji chao kikubwa kilikuwa Point Alones, kwenye mpaka wa Monterey na Pacific Grove. Hawakuwa vibarua waliokuja peke yao. Walikuwa na familia, watoto na mahali pa ibada. Walianza kwa kuvua abaloni, wakaendelea na samaki wa kila aina, wakikausha na kupeleka San Francisco na hata China. Wavuvi wa Kiitaliano na Kireno walipoongezeka na kuitawala bahari ya mchana, Wachina wakageukia usiku na ngisi. Waliwasha moto wa kuni zenye utomvu katika vikapu vya chuma vilivyoning'inia ubavuni mwa chombo, ngisi wakaufuata mwanga, nyavu zikawafunga. Msomaji anayewajua wavuvi wa dagaa na karabai zao hahitaji kuelezwa zaidi. Asubuhi ngisi walipasuliwa na kuanikwa juani kwenye vichanja na majani, eneo kubwa likajaa, na harufu ikafuata upepo hadi kwenye madirisha ya Pacific Grove. Hapo ndipo tabia ya biashara ya mandhari inapoonekana waziwazi. Wageni wa magari ya farasi walipenda kusimama kukitazama kijiji na kununua makombe. Kijiji kilikuwa sehemu ya burudani. Lakini kazi iliyokifanya kijiji kiwepo, ile ya kuanika ngisi, iliitwa uvundo na kero. Kutazamwa kuliruhusiwa, kufanya kazi kukawa kosa. Hayo yalitokea wakati ambapo sheria ya Marekani ya mwaka 1882 ilikuwa imewafungia mlango vibarua wa Kichina, hivyo waliolalamikiwa hawakuwa na wa kuwasemea.

Tarehe 16 Mei 1906, karibu mwezi mmoja baada ya tetemeko kubwa la San Francisco, moto uliteketeza sehemu kubwa ya Point Alones. Watu walikusanyika kutazama, na baadhi yao wakapora mali za waliokuwa wakiunguliwa. Chanzo cha moto huo kimebishaniwa, na hoja yangu haitegemei jibu lake. Kilichofuata kinatosha: kampuni, iliyokuwa mwenye ardhi, iliwakataza watu kujenga upya, ikaweka uzio, na wakazi wakatawanyika, wengine wakisogea hadi ufuko wa McAbee ulio jirani. Mwaka 1917 kituo cha utafiti wa bahari cha Hopkins, cha Chuo Kikuu cha Stanford, kikahamia kwenye ardhi hiyohiyo. Leo sili wanaopigwa picha na waendesha baiskeli wamelala chini ya mahali palipokuwa na nyumba za watu. Ilichukua hadi mwaka 2022 kwa halmashauri ya Pacific Grove kuomba radhi rasmi.

Kama ufuko ungekuwa umesafishwa kwa ajili ya mandhari tu, hadithi ingeishia hapo. Haikuishia. Mwanzoni mwa karne ya 20, Frank Booth alianza kusindika sadini wa makopo karibu na gati la Monterey. Knut Hovden, mtaalamu kutoka Norway, akaleta mashine za kuharakisha kazi, kisha mwaka 1916 akafungua kiwanda chake. Na Pietro Ferrante, mvuvi kutoka Sicily, akaeneza matumizi ya wavu wa kuzungusha ulioitwa lampara. Vita Kuu ya Kwanza ikaongeza njaa ya vyakula vya makopo. Viwanda vikajipanga ufukweni, kila kimoja na king'ora chenye mlio wake, ili wafanyakazi, wengi wao wanawake, wajue usiku wa manane ni nani anayeitwa. Sadini walimwagwa katika matangi ya mbao yaliyoelea baharini, wakavutwa kwa mabomba yaliyopita chini ya maji hadi kiwandani. Makopo yalivuka barabara kwa madaraja ya juu hadi kwenye maghala, na nyuma ya maghala ilikuwapo reli. Reli iliyojengwa kubeba watalii ikawa inabeba samaki. Harufu iliyowaponza Wachina ilirudi mara nyingi zaidi, na safari hii ikavumiliwa, kwa sababu faida yake iliingia katika mifuko yenye nguvu. Mlinganisho huu ndio ushahidi mzito kuliko wote kwamba tatizo la Point Alones halikuwa pua za watu.

Katika msimu wa 1941 hadi 1942 shehena ilifika takriban tani robo milioni. Sehemu kubwa haikuliwa na mtu. Ilisagwa kuwa chakula cha kuku na mbolea, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na faida nono. Wanasayansi wa serikali ya jimbo walikuwa wameshauri tangu miaka ya 1930 kwamba uvuvi uwekewe mipaka, na Ed Ricketts, mwanabiolojia aliyeishi na kufanya kazi katikati ya viwanda hivyo, naye aliandika kuonya. Baada ya Vita Kuu ya Pili samaki wakatoweka. Wako wanaosema kwamba binadamu analaumiwa bure, kwa kuwa sadini wa Pasifiki huongezeka na kupungua kwa vipindi vya miongo kadri joto la bahari linavyobadilika. Hoja hiyo ina nguvu, na magamba ya samaki yaliyohifadhiwa katika tope la bahari ya California yanathibitisha kwamba kupanda na kushuka kulikuwapo kabla ya viwanda. Lakini samaki wanaopungua kwa maumbile wakivuliwa kana kwamba wanaongezeka, wachache waliobaki ndio wanaomalizwa, na bahari huchelewa kupona. Maumbile yalileta upungufu. Tamaa ikaugeuza kuwa msiba wa mji mzima. Ricketts hakuuona mwisho wake. Mei 1948 gari lake liligongwa na treni ya abiria, Del Monte Express, kwenye kivuko cha reli, akafa siku chache baadaye. Sanamu yake imesimama karibu na hapo, kando ya njia ya baiskeli.

Pingamizi lililo zito zaidi ni hili: je, si utalii ndio uliouokoa ufuko baada ya viwanda kufa? Ukweli ni kwamba treni ya mwisho ya Del Monte Express iliondoka mwaka 1971, kiwanda cha Hovden kikafungwa mwaka 1973, na mwaka 1984 hifadhi ya samaki ya Monterey Bay Aquarium ikafunguliwa mahali pake, kwa fedha za familia ya Packard. Mtaa uliopewa rasmi jina la Cannery Row mwaka 1958, kwa umaarufu wa riwaya ya John Steinbeck ya mwaka 1945, ukajaa mahoteli na maduka. Fedha za wageni zimeleta ajira na zimegharamia elimu ya bahari. Kulikana hilo ni kukosa haki. Lakini hifadhi isingekuwa na cha kuonyesha nje ya kuta zake kama bahari yenyewe isingekuwa imelindwa kabla. Mwaka 1931 Julia Platt, mwanazoolojia aliyepata shahada ya uzamivu Ujerumani katika zama ambapo vyuo vingi havikumtaka mwanamke, alichaguliwa kuwa meya wa Pacific Grove akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70. Alikuwa amewahi kuchukua shoka na kuvunja lango lililowafungia watu njia ya kwenda ufukweni. Mwaka huohuo mji wake ukapata kutoka kwa jimbo mamlaka juu ya maji ya pwani yake, na maji yaliyo mbele ya kituo cha Hopkins yakatengwa yasivuliwe. Alifariki mwaka 1935, viwanda vikiwa bado vinanguruma. Fisimaji, ambao kundi lao dogo lilionekana mwaka 1938 kusini zaidi, Big Sur, waliporudi Pacific Grove miaka ya 1960, walikuta mahali pa kuanzia upya. Waliwala wanyama wenye miiba wanaotafuna mashina ya mwani, na msitu wa chini ya maji ukasimama tena.

Nayo njia ya baiskeli inatokana na msimamo uleule. Wapiga kura wa California walipitisha mwaka 1972 pendekezo la kuilinda pwani na kuifungua kwa watu wote, na sheria ya mwaka 1976 ikalifanya kuwa la kudumu. Reli ilipoachwa, tuta lake lingeweza kugawanywa viwanja vya hoteli. Likawa njia ya umma. Tofauti inaonekana kwa macho mwongozaji anapowavusha wageni Lovers Point na kuingia 17-Mile Drive, kwenye vilima ambako mota ya baiskeli inaanza kufaa. Barabara hiyo ya mwaka 1881 bado ni ya kampuni binafsi, na mwenye gari hulipa langoni kabla ya kuona bahari. Mwenye baiskeli hupita bure.

Wapo watakaosema kwamba mtu aliye likizoni amekuja kupumzika, na si haki kumtwisha moto wa mwaka 1906. Nakubali kwamba ziara haipaswi kuwa mahubiri. Lakini mgeni anayeonyeshwa sili bila kuambiwa kuhusu kijiji hajapumzishwa, amefichwa. Tena baiskeli ya umeme inafaa kazi hii kuliko chombo kingine: sheria ya California inataka mota za madaraja mawili kati ya matatu ya baiskeli hizi ziache kusaidia mwendo unapofika maili 20 kwa saa, mgeni hahemi, na mwongozaji anaweza kusimama popote. Asimame basi kwenye uzio wa Hopkins, aeleze jinsi ngisi walivyovuliwa kwa moto, na aseme kwamba hadi leo ngisi wa California huvuliwa usiku kwa taa, na ni miongoni mwa mazao makubwa ya bahari ya jimbo hilo. Kazi iliyoitwa kero ilikuwa sahihi. Waliofukuzwa ndio waliokuwa wameielewa bahari. Mji wowote wa pwani unaotaka kuuza mandhari yake unapaswa kuijua hesabu hii kabla ya kuchora ramani ya kwanza ya hoteli: haki ya kila mtu kuufikia ufuko, na haki ya mvuvi kuendelea kufanya kazi hapo, ziandikwe katika sheria mapema, maana mwenye kununua mandhari hatazikumbuka kwa hiari yake.