Mtazamaji Namba 363

Wacheza karata wa barazani wanaujua vizuri wizi wa kukonyezana. Wawili wanapatana kabla ya kuketi. Mmoja akigusa sikio, mwenzake anaelewa. Lakini barazani kuna macho ya watu. Katika poka ya intaneti, mchezo wa fedha ambao kila mtu ameficha karata zake mbili na uso wa mpinzani huuoni, mwizi atakamatwaje?

Kinachobaki ni daftari. Kompyuta ya kampuni huandika kila dau na kila karata, hata zilizotupwa bila kuonyeshwa. Marafiki wanaoambiana karata kwa simu utawatambua humo: hukaa meza moja kila mara, hawapigani, na mmoja hutupa karata nzuri mwenzake anapopandisha dau.

Lakini je, daftari likiwa mikononi mwa mwizi mwenyewe? Ndicho kisa cha Septemba 2007, katika kampuni ya Absolute Poker. Mashindano yalikuwa ya kiingilio cha dola 1,000, na mshindi alijiita POTRIPPER. Aliyeshika nafasi ya pili alishuku, akaomba kumbukumbu za mchezo. Akaletewa zaidi ya alichoomba: karata za wachezaji wote, pamoja na orodha ya watazamaji.

Wachezaji wenyewe, wala si wakaguzi, ndio walioipekua. Wakaona POTRIPPER alitupa karata zake katika migao miwili ya mwanzo. Ndipo akaingia mtazamaji namba 363. Tangu hapo, kwa dakika 20 hivi, bwana yule hakutupa karata hata mara moja kabla ya zile za mezani kufunuliwa. Alipokuja kutupa, mpinzani alikuwa ameshika wafalme wawili! Kumbe mtazamaji alikuwa akiona karata za wote. Nadhani tamaa ndiyo iliyomponza. Angekubali kushindwa hapa na pale, nani angeuliza?

Kampuni ilikana, kisha Oktoba ikakiri kwamba wizi ulitoka ndani. Januari 2008 tume ya Kahnawake, ya watu wa Mohawk karibu na Montreal, Kanada, iliyokuwa imeipa leseni, iliitoza faini ya dola 500,000. Leseni haikufutwa. Mwaka huohuo wizi wa namna hiyohiyo, uliodumu miaka kadhaa, ulithibitishwa katika kampuni dada ya UltimateBet, na waliodhulumiwa wakatakiwa kurudishiwa zaidi ya dola milioni 22. Huko nako walioanza kupiga hesabu na kupiga kelele walikuwa wachezaji.