Mnara Unaochagua wa Kumsikiliza

Aliyewahi kuita kwa simu ya upepo akajibiwa na kelele za makusudi za adui ataielewa upesi habari hii. Mwaka 1959 huko Marekani, mhandisi Paul Howells wa General Electric aliombea hati ya uvumbuzi chombo cha kuiokoa rada na kelele za namna hiyo. Aliongeza antena ya pili: kelele iliyonaswa humo ilipimwa, kisha ikatolewa katika ile iliyoingia radani, ukabaki mwangwi wa ndege. Mwaka 1967 Bernard Widrow na wenzake wakaeleza jinsi safu ya antena nyingi inavyoweza kujirekebisha yenyewe.

Kwa miaka mingi elimu hiyo ilikuwa hasa ya kijeshi. Mwaka 1992 Martin Cooper, yule yule aliyepiga simu ya mkononi mjini New York mwaka 1973, alishiriki kuanzisha kampuni ya ArrayComm ili kuitia katika minara ya simu za raia. Mnara wa aina hiyo humwelekezea mpigaji nguvu zake na kuwapunguzia sauti wengine, hivyo masafa yale yale huwatosha watu wengi zaidi. Lakini kwanza hupima jinsi mawimbi yake yanavyozifikia antena, na vipimo hivyo mara nyingi hudokeza upande alipo. Wauza simu hawalitaji sana jambo hilo.