Buti za plastiki za telemark

Buti za plastiki za telemark ni viatu virefu vyenye ganda gumu vinavyovaliwa katika telemark, aina ya kuteleza juu ya theluji kwa ski ambapo ncha ya kiatu hufungwa kwenye ski na kisigino huachwa huru. Jina linatokana na mkoa wa Telemark, kusini mwa Norwei. Wakati wa kukata kona mtelezaji hutanguliza mguu mmoja, hukunja magoti yote mawili na kuinua kisigino cha mguu wa nyuma, kama mtu anayetaka kupiga goti huku akienda mbio.

Kwa sababu hiyo buti hizi, tofauti na buti ngumu za ski za kawaida, lazima zipinde kwenye vidole. Anayelinganisha buti mbili hutazama jinsi kila moja inavyomkaa mguuni na jinsi ilivyo ngumu kupinda. Mambo hayo mawili hayatenganiki: buti isiyomkaa mtu vizuri hupinda mahali ambapo wayo wake haupindi.

Historia

Sondre Norheim (1825–1897), mzaliwa wa Morgedal katika Telemark, ndiye anayehusishwa zaidi na mwanzo wa mtindo huu. Kwa zaidi ya miaka mia moja viatu vilivyotumika vilikuwa vya ngozi. Ngozi hupinda kwa urahisi, lakini hulowa, hulegea, na haiwezi kufikisha nguvu yote ya mguu kwenye ukingo wa ski pana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Scarpa, kutoka Asolo nchini Italia, ilitoa buti iitwayo Terminator, iliyotengenezwa kwa plastiki tupu. Kampuni nyingine za Italia, zikiwemo Garmont na Crispi, nazo zilitengeneza za kwao. Plastiki ilimaliza shida ya maji na ya ulegevu, ila ilileta nyingine: ngozi hujifunza umbo la mguu wa mwenyewe, plastiki haijifunzi.

Muundo

Buti ina ganda la nje, shingo inayozunguka muundi na shavu la mguu, bizimu za kukazia, na kiatu laini cha ndani kinachoweza kutolewa. Juu ya vidole ganda lina mikunjo inayofunguka na kujifunga kama ya kodiani. Mikunjo hiyo ndiyo bawaba ya buti nzima. Buti za mfumo wa zamani zina soli yenye mdomo bapa mbele, kama wa bata, wenye upana wa mm 75. Mfumo mpya uitwao NTN, ulioletwa na kampuni ya Rottefella ya Norwei mwaka 2007, hauna mdomo huo. Kifungio chake hushika soli pia chini ya wayo.

Magamba mengi hutengenezwa kwa Pebax, plastiki nyepesi ambayo ugumu wake haubadiliki sana kwenye baridi kali. Poliuretani, inayotumika sana katika buti za ski za kawaida, hukakamaa zaidi baridi inapozidi.

Jinsi buti inavyokaa mguuni

Namba za buti hufuata mfumo wa Mondopoint, yaani urefu wa wayo kwa sentimita: mwenye wayo wa sm 27 huanzia namba 27. Mara nyingi ganda moja hutumika kwa namba nzima na nusu yake, na tofauti huwa ndani tu. Basi anayehama kutoka namba moja hadi nusu inayofuata huenda asipate nafasi yoyote ya ziada kwenye plastiki yenyewe.

Kipimo cha kuaminika ni cha ganda tupu. Kiatu cha ndani hutolewa, mtu huingiza wayo hadi vidole viguse mbele kidogo, kisha nafasi iliyobaki nyuma ya kisigino hupimwa. Milimita 15 hadi 20 hivi huwafaa wengi. Nafasi ikizidi hapo, buti itapwaya hata kama ilionekana ya raha dukani, maana povu la kiatu kipya cha ndani husinyaa kwa matumizi.

Urefu peke yake hautoshi. Mikunjo inapaswa kukaa juu ya viungo vinavyounganisha vidole na wayo. Watu wawili wenye nyayo za sm 27 wanaweza kuwa na vidole vya urefu tofauti, hivyo buti ileile ikamfaa mmoja na kumtesa mwingine. Mikunjo ikiwa mbele mno, kila kona plastiki hushuka na kufinya vidole. Matokeo yake ni malengelenge, kucha nyeusi na damu isiyofika vizuri vidoleni, na kwenye baridi ya milimani kidole kisichopata damu kinaweza kuharibiwa na barafu. Wengi hudhani buti ya namna hiyo ni ngumu mno, kumbe ni ndefu mno.

Kiatu cha ndani cha povu hupashwa moto kikachukua umbo la mguu. Ganda nalo fundi anaweza kulitanua kwa joto mahali linapobana. Lakini hakuna joto linaloweza kusogeza mikunjo wala kufupisha ganda.

Ugumu

Neno “ngumu” hutumiwa kwa mambo matatu tofauti. Kuna ugumu wa mikunjo, ugumu wa shingo mtu anapoegemea mbele, na uwezo wa buti kutojisokota ski inapolazwa upande. Namba kama 100 au 120 zinazochapwa kwenye baadhi ya buti huhusu shingo tu, tena kila kampuni hupima kwa njia yake. Hazisemi lolote kuhusu mikunjo.

Mikunjo ikiwa migumu kuliko uzito na nguvu za mvaaji, mguu wa nyuma husimama kwenye ncha ya vidole, na ski ya nyuma hutangatanga kwa kukosa uzito. Ikiwa laini mno, wayo hujikunja kupita kiasi na goti hushuka hadi karibu na ski. Buti inayomtii mtu wa kilo 90 inaweza kumkatalia wa kilo 55.

Aina za Scarpa zilizouzwa kwa miaka mingi zinaonyesha mpangilio wa kawaida. T4 ni fupi, nyepesi, ina bizimu mbili na inafaa safari ndefu. T1 ni ndefu, ina bizimu nne na hutawala ski pana. T2 iko katikati.

Kupinda buti dukani hudanganya. Kwenye ski, nyaya na springi za kifungio huongeza ukinzani, kwa hiyo buti moja huonekana laini kwenye kifungio kimoja na ngumu kwenye kingine. Ulinganisho wa haki hufanywa kwa kifungio kilekile. Mikunjo mipya hulegea baada ya siku kadhaa za kuteleza, ilhali ile ya buti kuukuu huweza kupasuka, na ndiyo sehemu ya kwanza kukaguliwa na anayenunua buti iliyokwisha kutumika.