Kesho ya Jana

Jioni, mwaloni Rubona, nchini Rwanda, wavuvi hufunga mitumbwi mitatu mitatu kwa miti mirefu, wakawasha taa na kuingia Ziwa Kivu kutafuta samaki waitwao sambaza. Tuseme mmoja wao anamwambia mkewe, "Nitarudi alfajiri." Kesho yake adhuhuri mke huyo anamsimulia jirani: "Alisema atarudi alfajiri." Alfajiri yenyewe imeshapita, hata hivyo kiambishi -ta- kimebaki palepale. Hapo ndipo penye kile ambacho sarufi ya Kiingereza hukiita "future in the past".

Istilahi hiyo naitafsiri "ujao katika uliopita". Wengine huandika "wakati ujao uliopita", jina linalomwacha msomaji akijiuliza ni upi hasa: unakuja au umekwenda? Neno "katika" ndilo linalobeba maana. Msemaji anajiweka jana, kisha kutoka hapo anaitazama kesho, ambayo kwetu tunaomsikiliza huenda ni leo au imekwisha zamani. Mwanafalsafa Hans Reichenbach, katika kitabu chake cha 1947, alitenganisha nukta tatu: wakati wa kusema, wakati wa tukio, na wakati tunaosimama kulitazama tukio. Hii ya tatu ndiyo inayohama.

Kiingereza hulazimisha kitenzi kibadilike: "will" huwa "would". Kifaransa nacho hufanya hivyo, "viendra" ikawa "viendrait". Mwanafunzi wa Rubona aliyeanza na Kinyarwanda hushangaa, maana kwao ni "yavuze ko azaza", na -za- ya wakati ujao haiguswi. Kiswahili kiko upande wa Kinyarwanda.

Tatizo ni -nge-. Katika madarasa mengi ya Kenya, kanuni ya usemi wa taarifa husema -ta- igeuzwe -nge-: "Alisema kuwa angerudi alfajiri." Mtahiniwa afuate, alama ni zake. Lakini mwambie hivyo jirani mwaloni, atabaki akingoja "lakini": lakini nini, taa ilizimika? Nyavu zilikatika? Kwa sikio langu, -nge- hubeba sharti, na kanuni hiyo inanukia kamusi ya Kiingereza, ambamo "would" moja hufanya kazi mbili.

Zipo njia nyingine za kuusema ujao huo. "Was going to" ni "tulikuwa tuondoke". Mpango ulikuwepo, na mara nyingi ulivunjika. "Was about to" hupata uhai zaidi kwetu: "mtumbwi ulitaka kuzama", kana kwamba mti una nia yake.

Iliyo tamu kuliko zote ni "would" ya wanahistoria, ile ya msimuliaji anayejua mwisho wa hadithi. Hapa Kiswahili hutumia kitenzi "kuja": alikuja kuwa. Kinyarwanda nacho kina "yaje kuba". Mfano ni sambaza wenyewe: hawakuwa wa Kivu. Walitolewa Ziwa Tanganyika na kumwagwa humu mwishoni mwa miaka ya 1950, enzi ya Wabelgiji. Mwandishi wa Kiingereza atasema samaki hao "would become" chakula cha watu wa ukanda mzima wa ziwa. Ukitafsiri "wangekuwa chakula", umewanyang'anya watu wa Rubona kitoweo chao. Sema "walikuja kuwa chakula", uwaachie sahani yao.